Nilisema Nilikuwa Nje

Safari ile nilikuwa nimeiahidi tangu Pasaka, na kama si binti yangu Gloire kunikumbusha kila asubuhi kabla sijavaa soksi, ningeipiga chenga mpaka leo. Alikuwa na miaka minne na nusu. Katika simu ya mama yake alikuwa ameona video ya jumba la Sultani wa Kapwasa: ghorofa mbili, vigae vyeupe kuanzia chini hadi kwenye paa, vioo vya bluu, na simba wawili wa saruji langoni. Basi, kwisha habari. Kila jioni nikirudi kazini aliniuliza simba wale wanakula nini.

Mimi ni Séraphin Mukendi, karani katika ofisi ya kampuni moja ndogo hapa Kolwezi inayokodisha malori ya kubeba shaba. Wakati ule ungeniuliza mimi ni mtu wa namna gani, ningekujibu bila kupepesa macho kwamba ni mtu wa heshima. Nina ugonjwa huo wa kujiona, na sikuupata kwa jirani.

Sisi ni watu wa Kasai. Babu yangu aliletwa na kampuni kuchimba shaba, baba yangu akazaliwa hapa mtaa wa Kapata, na mimi nikazaliwa katika nyumba ile ile ya wafanyakazi, mstari wa tatu, ninayokaa hadi leo. Lakini ukimsikiliza mama yangu, Mama Kapinga, utadhani tulishuka kwenye treni jana. Anakaa mstari wa nyuma yetu, na mambo yote ya Kasai ameyaweka kichwani, hakuna hata moja lililomponyoka. Mke wangu Laure ni wa ukoo wa Ngoyi, Wakatoliki kutoka Kongolo, kaskazini. Alimheshimu mama yangu, na mama yangu alimpenda kwa kiasi chake. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba hapakuwa na vita nyumbani kwetu. Vita nilivileta mimi.

Tulikwenda tarehe thelathini Juni, siku ya sikukuu, kwa gari nililoazima kwa Polycarpe wa ofisini. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi na baridi ile ya kiangazi inayouma masikio. Laure alikuwa amekaanga kuku na kuchemsha mayai tangu jana yake. Alivaa gauni la njano ambalo hakuwa amelivaa tangu ubatizo wa mtoto. Barabara ilikuwa na malori hata siku ya sikukuu. Kila moja likitupita tulifunga madirisha upesi, na Gloire alishika pumzi, akavimbisha mashavu, mpaka vumbi litulie. Tulicheka njia nzima. Miaka mitano ya ndoa, na hatukuwa tumewahi kwenda mahali pamoja pasipokuwa na maiti au arusi ya mtu.

Tulifika Kapwasa karibu na saa tatu. Jumba lilikuwa kubwa kuliko kwenye simu. Lilisimama peke yake juu ya udongo mwekundu, nyumba za nyasi zikiwa chini yake, na jua lilipogonga vile vigae ilibidi ufumbe macho. Wageni tulikuwa kama ishirini. Mtu wa itifaki, mwenye fimbo na koti la kijani, alitupanga. Viatu vivuliwe. Simu ziingie kwenye kikapu, hakuna picha ndani. Tukifika mbele ya Sultani tupige magoti, tupige makofi matatu ya polepole, kisha tukae chini kwenye mikeka na kungoja kuulizwa. Nilinung'unika moyoni kwa ajili ya suruali yangu niliyoipiga pasi mwenyewe. Lakini nilipiga magoti.

Sultani alikuwa mzee sana. Labda miaka themanini, labda zaidi, miwani minene, mikono inatetemeka. Aliuliza kila familia inatoka wapi. Zamu yetu ilipofika, Gloire alikuwa amekaa juu ya mapaja yangu, na mtu wa itifaki aliinama kumnong'oneza mzee jambo, kisha akatutangazia wote. Desturi ya pale, alisema, mama anayekuja kwa mara ya kwanza na mtoto wake wa kwanza haondoki hivi hivi. Sultani mwenyewe humfunga kitambaa kiunoni, ndiyo namna ya kusema kwamba mtoto huyo amefika kwao. Akaleta kitambaa cheupe chenye ukingo mwekundu. Mzee akaanza kuinuka, watu wawili wakimshika viwiko.

Laure aligeuka, akanitazama.

Nataka nilieleze tazamo hilo vizuri, kwa sababu yote yametoka hapo. Hakuwa na hofu. Alikuwa ananiuliza. Alikuwa mwanamke wa kaskazini, mambo ya kwetu hakuyanyonya kwa mama yake, lakini miaka mitano alikuwa amekaa akisikiliza, na alijua kuliko nilivyodhani kwamba kwa watu wa Kasai mke wa mtu hapokei kitu cha kuvaa mwilini kutoka mkononi mwa mwanaume mwingine. Alisimamisha kila kitu, Sultani na watu wake wote, ili aniulize mimi.

"Pokea, Mama Gloire," nikasema. "Pokea tu."

Nilicheka hata. Mzee alihangaika na fundo, vidole vilimkataa mara mbili, na lilipokaa sawa wageni walipiga makofi, na mimi nilipiga kuwashinda wote mpaka viganja vikawaka. Nilikuwa na fahari, huo ndio ukweli. Sultani wa Kapwasa nzima ameinuka kwenye kiti chake kwa ajili ya nyumba ya karani Mukendi.

Baadaye tulitoka nje na Gloire akapanda mgongo wa simba, akakagua meno yake moja baada ya jingine. Tulikula kuku wetu kwenye kivuli cha ukuta. Wakati wa kurudi mtoto alilala nyuma, na Laure aliweka mkono juu ya bega langu na kuuacha hapo kilomita nyingi.

"Leo nimefurahi," akasema. "Tangu unioe, njo leo."

Kesho yake jioni nilimpeleka Gloire kwa mama yangu. Laure alibaki anafua vumbi la safari. Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, barazani, na mtoto alimwagia hadithi yote kwa mkupuo mmoja, jumba, vioo, simba, kisha akasimama mbele ya nyanya yake na kujishika kiunoni.

"Kaku, Sultani alifunga Mama kitambaa hapa."

Mikono ya mama yangu ilisimama. Alimtuma mtoto ndani akalete kikombe cha maji.

"Séraphin. Mutoto anasema nini?"

"Ni desturi ya kule, Mama. Ni muzee wa miaka makumi munane."

"Sikukuuliza miaka yake."

Jambo lenyewe kwetu lina jina, linaitwa tshibawu. Mke akipokea kitu cha namna hiyo bila ruhusa ya mumewe na asiseme, ugonjwa unamshukia mumewe au mtoto, mpaka akiri mbele ya wakwe na asafishwe. Mdogo wangu Beya alizika mtoto wa kwanza, na mpaka leo mama yangu anaamini kwamba sababu ni saa ya mkononi ambayo mke wake wa wakati ule alipewa na bosi wake. Mimi nilikuwa nimesoma, nilijidai siamini. Lakini kutoamini ukiwa ofisini ni jambo moja, na kutoamini mbele ya Mama Kapinga ni jambo jingine kabisa.

Alirudia sombe yake. Hakunitazama.

"Kuko banaume banaangaliaka," akasema polepole. "Mwanaume mwingine anafunga bibi yake kiuno, yeye iko pale, anacheka. Ule hapana mwanaume. Ule ni muchuuzi, anauzisha bibi yake." Akatupa bua pembeni. "Weye ulikuwa wapi?"

Ningesema. Maneno yalikuwa mafupi kabisa: nilikuwa pale, nilimwambia apokee. Lakini viganja vyangu nilivihisi vikiwaka upya, nikajiona jinsi ambavyo mama yangu angeniona, nimekaa kwenye mkeka bila viatu, napiga makofi.

"Nilikuwa inje, Mama," nikasema. "Na mutoto. Tulikuwa tunaangalia simba."

"Na mutoto aliona namna gani?"

"Aliona ku mulango."

Gloire alikuwa amerudi na kikombe. "Tata alipiga makofi," akasema kwa furaha, akinionyesha mimi baba yake, akitaka na hilo liingizwe kwenye hadithi.

"Makofi ilikuwa mbele, ya kusalimia," nikamwambia. "Kisha tulitoka inje, mi na weye. Uliona Mama ku mulango. Unasahau?"

Alinitazama kidogo, akiwa na kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa mtoto anayemwamini baba yake katika kila kitu. Nilikuwa nimemwambia simba wa saruji wanakula mchanga, na aliamini.

"Ee," akasema. "Tulikuwa inje."

Ndivyo ilivyokuwa rahisi. Na Laure sikumwambia. Nilijisemea kwamba mama atasahau, nikijua vizuri kwamba mama yangu hajawahi kusahau kitu.

Siku ya nne Gloire akaamka na homa. Ijumaa tulimpeleka kwenye zahanati, wakampima damu, wakasema malaria, wakatupa dawa. Jumamosi asubuhi homa ilikuwa bado haijashuka, na kabla hatujanywa chai mama yangu aliingia na shangazi zangu wawili na mjomba wangu, Tata Kalala, mzee mpole aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye mashine za kampuni na masikio yake yakabaki huko. Walikaa sebuleni. Mtoto alikuwa amelala chumba cha pili, mlango wazi. Laure alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, na kitambaa kikaletwa kikawekwa mezani.

Tata Kalala ndiye aliyesema, tena kwa upole, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri.

"Mwana wangu Laure, usiogope. Hii maneno ni kiloko, ni kidogo tu. Kama bwana yako alikuwako, na njo yeye alikuambia pokea, basi, hakuna tshibawu, inaishia hapa. Tunakunywa chai, tunarudia kwetu. Kama hakukuwako, tunafanya vile bankambo, babu zetu, balifanyaka. Njo ile tu."

Niliona mabega ya Laure yakishuka. Karibu atabasamu.

"Alikuwako, Tata," akasema. "Mi nilimuangalia kwanza. Njo yeye alisema pokea."

"Séraphin aliniambia alikuwa inje," akasema mama yangu.

Wote wakanigeukia. Laure naye akageuka, akanitazama, na lilikuwa tazamo lile lile la Kapwasa. Hata wakati huo hakuwa na hofu. Ananiuliza, na anajua nitakachojibu.

Mtu angenisomea jambo hili kutoka gazetini ningesema mume huyo ni mpumbavu, mlango umefunguliwa mbele yake na mjomba mwenyewe ameushika, apite tu. Lakini ili nipite ilinibidi kwanza niseme: Mama, nilikudanganya, nilikuwa nimekaa pale nacheka. Mbele ya shangazi zangu. Mbele ya Tata Kalala. Nilitazama sakafu. Kulikuwa na punje ya mchele karibu na mguu wa meza, na nikaitazama hiyo.

"Nilikuwa inje," nikasema.

Kutoka chumbani Gloire alikohoa, akaita mama yake kwa sauti ya usingizi. Laure aligeuza kichwa upande wa mlango. Mama yangu akasema, bila ukali, kwamba maneno yakiwa mawili, homa haitoki.

Nilitaka anikatalie, apige meza, aniite mwongo. Nadhani angeniita, ningekiri. Hakuniita hivyo. Aliinuka na kunyoosha gauni lake.

"Basi," akasema. "Alikuwa inje. Mi njo nilisahau."

Shangazi zangu walimpeleka nyuma ya nyumba na kuku mweupe. Yanayofanyika huko mwanaume haelezwi, na mimi nilishukuru kwamba sielezwi. Nilisikia maji yakimwagwa. Nilisikia sauti yake ikirudia maneno aliyoambiwa aseme, kwamba alipokea bila mume wake kujua. Aliporudi nywele zilikuwa mbichi na midomo inatetemeka kwa baridi. Alipita mbele yangu, akaenda kumpa mtoto dawa yake ya mchana.

Jumapili homa ilishuka. Vidonge vya zahanati vilikuwa vimeingia siku ya tatu, lakini hesabu hiyo hakuna aliyetaka kuisikia. Mama yangu alimkumbatia Laure kwa mapenzi ya kweli, akamwambia sasa umekuwa mtoto wangu kabisa.

Nikisimulia hivi watu hudhani Laure aliondoka. Hakuondoka. Anapika, ananisalimia asubuhi, shati langu la ofisi linakuwa limepigwa pasi. Anacheka na jirani. Lakini tangu siku ile hajanitazama kabla ya kumjibu mtu. Mwalimu akiuliza jambo la mtoto, fundi wa paa akiuliza aanze lini, kaka zake wakimwita kwenye msiba Kongolo, anajibu moja kwa moja, vizuri, kwa heshima, na mimi nasikia jibu pamoja na huyo aliyeuliza. Zamani nilikuwa nalalamika kwa marafiki kwamba mwanamke huyu hawezi kuamua kitu bila mimi. Natamani nimsikie yule mwanaume akilalamika nimzabe kofi.

Nilimwomba msamaha, wiki tatu baadaye, akiwa anafua.

"Nilikusamehe, Tata Gloire," akasema bila kuinua kichwa. "Lakini enda uambie mama yako. Na Tata Kalala. Bajue."

"Nitaenda siku ya mungu," nikasema.

"Muzuri. Sogea kiloko, unasimama mu mayi."

Jumapili hiyo mama alikuwa na wageni. Iliyofuata nilijisemea nimechoka. Kisha Tata Kalala akafa, Mungu amrehemu, akiamini hadi mwisho kwamba nilikuwa nje. Laure hakunikumbusha hata mara moja. Jumapili zilipita karibu miaka miwili.

Mwaka huu, Jumatatu ya Pasaka, mdogo wangu Beya alimleta mchumba wake mpya, Mwadi, atambulishwe. Tulikaa kwangu kwa sababu nyumba yangu ina sebule kubwa. Mama yangu alianza kumfunda msichana, polepole, mambo ya ukoo, na alipofika kwenye tshibawu alimwonyesha mlango wa jikoni kwa kidevu.

"Uliza Laure. Alipokea kitambaa ya Sultani, bwana yake hakukuwako. Mutoto alikuwa karibu kufa. Alisema, tukamusafisha, leo angalia mutoto vile anapona."

Laure alikuwa anaingia na kutoka na masahani. Nilimwona anasikia. Safari hii sikutazama sakafu.

"Mama," nikasema. "Nilikuwa ndani. Nilikaa pembeni yake. Aliniangalia na nilimuambia apokee, tena nilipiga makofi. Nilikudanganya weye, nilidanganya na Tata Kalala. Laure hakuwa na kosa hata moja."

Mama yangu alinitazama, uso wake ukalainika, na nilidhani ameelewa. Kisha akacheka kidogo, kwa huruma.

"Unaona, Mwadi? Mwanaume muzuri njo vile. Anachunga jina ya bibi yake hata kisha miaka mbili." Akanyoosha mkono. "Gloire, kuya hapa. Siku ya Kapwasa, tata yako alikuwa wapi?"

Binti yangu alikuja, ana miaka sita na ushee, meno ya mbele hana. Hakufikiri hata kidogo.

"Inje. Mi na Tata. Tuliangalia simba, na mi niliona Mama ku mulango."

"Gloire," nikasema, "ulikuwa juu ya magoti yangu. Sultani alikuwa karibu yetu."

Alinitikisia kichwa, taratibu, kama anavyofanya mwalimu wake. Hakuwa anadanganya. Alikuwa anauona ule mlango, anaiona ile nafasi aliyochungulia, na mimi pembeni yake kwenye jua.

"Hapana, Tata," akasema. "Mi nakumbuka."

Beya alicheka, Mwadi akacheka kwa adabu, na mama yangu akampapasa mtoto kichwa. Laure alikuwa amesimama na sahani ya bukari, ugali wetu, mikononi. Watu wote waliobaki duniani waliokuwa mle ndani siku ile na ambao mama yangu angewasikiliza walikuwa wawili, na mmoja ameshajibu. Nilimngoja yeye.

"Mutoto anakumbuka muzuri, Mama," akasema. "Mukule, bukari inapola."

Aliiweka sahani mbele yangu kwanza, kama inavyopasa. Nilimtazama. Nilitaka anitazame mara moja tu, ili nipate nguvu ya kusema tena, nisimame na kusema mpaka waamini. Alikuwa ameshageuka, anamwekea Mwadi sombe.